SOMO: Filta ya hewa ya kupaka oili kwenye lori la dizeli (kuchagua, kuosha, kupaka)

Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nibandike hapa tu. Maswali ni yaleyale: "Mkuu, naosha na nini?" na wiki inayofuata, "Mbona lori limekosa nguvu baada ya kuosha?" Soma mpaka mwisho, ndipo uulize.

Filta hii ni tabaka za kitambaa cha pamba zilizobanwa kati ya nyavu mbili za waya, kisha zikakunjwakunjwa. Matundu yake ni makubwa kuliko ya filta ya karatasi. Kinachokamata vumbi ni oili inayonata kwenye nyuzi: hewa inapinda kuzunguka uzi, chembe ya vumbi kwa uzito wake inashindwa kukata kona, inagonga na kunasa. Ikikauka oili, umebaki na chandarua. Mbu hapiti, vumbi linapita litakavyo. Na vumbi hilo linaanza na mapanga ya turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), likimaliza linachanganyika na oili ya silinda na kusaga ringi za pistoni kama msasa.

Je, unaihitaji? Kama lori linashinda machimboni au kwenye barabara za vumbi, jibu langu ni hapana. Baki na karatasi nzuri, ile kubwa na ndogo ya usalama ndani yake. Ya pamba inamfaa anayetembea lami zaidi na ana nidhamu ya kuihudumia. Usinunue kwa sababu ya maneno ya "nguvu za farasi" kwenye boksi; injini ambayo haijaguswa, yenye karatasi isiyoziba, haitakupa tofauti ya kusifia. Tafuta matokeo ya kipimo cha ISO 5011: inakamata asilimia ngapi ya vumbi, na inabeba kiasi gani kabla ya kuziba. Mwenye kuuza asiyekuwa na namba hizo mwache. Kama gari bado lina dhamana, soma masharti kwanza. Na mpira wa kuziba ulingane na nyumba ya filta kabisa. Ukiweza kuizungusha kwa vidole viwili ikiwa imekaa mahali pake, si ya gari lako.

HATUA

1. Angalia geji ya filta (inaonyesha injini inavyohangaika kuvuta hewa) kabla ya kufungua chochote. Injini nyingi kubwa zenye turbo kikomo ni kama inchi 25 za maji (6.2 kPa), lakini fuata kitabu cha gari lako. Geji haijafika? Funga boneti uende zako. Filta kuonekana chafu si kuziba, na kila ukifungua unakaribisha vumbi ndani.

2. Zima injini, futa nyumba ya filta kwa nje, fungua, toa. Ile ndogo ya usalama iache ilipo. Haioshwi, hubadilishwa.

3. Kung'uta kwa mkono, pitisha brashi laini.

4. Pulizia dawa ya kuoshea filta pande zote mbili, subiri dakika 10, usiiache ikauke. Petroli, dizeli na thina hazihusiki: zinaharibu mpira na gundi.

5. Suuza kwa maji baridi yasiyo na presha, kutoka upande safi (unaoelekea injini) kwenda upande mchafu. Ya duara, kutoka ndani kwenda nje. Ukigeuza unasukuma uchafu ndani zaidi ya pamba.

6. Kausha kivulini. Kompresa inatoboa pamba. Subiri ikauke kabisa, maana mkunjo wenye maji haunywi oili.

7. Kupaka oili. Hapa ndipo watu wanaharibu, kwa hiyo tulia.

Tumia oili ya filta tu. Ya injini haishiki, inateremka na mtikisiko na kuvutwa ndani. Ya giaboksi hali kadhalika. Anza upande mchafu, pitisha mstari mmoja mwembamba kwa kila mkunjo, mara moja, halafu WEKA CHINI hiyo chupa. Oili hizi nyingi zina rangi nyekundu ili uone zinapofika. Utaona mstari unatambaa pole pole kwenye uzi mpaka unakutana na wa jirani. Upe dakika 20. Wengi wanaona weupe dakika ya pili, wanaongeza, kisha ule wa kwanza unaenea na filta nzima inalowa. Baada ya dakika 20 igeuze, itazame upande safi kwenye mwanga. Penye doa jeupe ongeza tone hapo tu. Ilaze kwenye gazeti usiku kucha. Gazeti likiwa na dimbwi asubuhi, umezidisha: osha upya. Usijidanganye kwamba utaipangusa.

Ikizidi, oili inavutwa. Gari lenye sensa ya waya wa moto kwenye bomba la hewa, waya unapakwa utando, sensa inaidanganya kompyuta, dizeli inapimwa vibaya: moshi, au nguvu inakufa. Lisilo na sensa hiyo, utando unaishia kwenye turbo na kipoza hewa. Ikipungua, rudi pale kwenye chandarua.

8. Futa ndani ya nyumba kwa kitambaa kibichi, paka grisi kidogo sana kwenye mpira, rudisha, funga klipu zote. Siku chache baadaye fungua bomba baada ya filta na upitishe kitambaa cheupe. Vumbi hapo lina maana moja: hapajaziba.

MASWALI

Mpiga Honi: Mkuu sijasoma yote, niko njiani. Petroli haifai kuoshea?

Jibu: Hatua ya 4.

Gia Kumi: Mimi naosha kwa sabuni ya unga kila Jumapili, napaka oili ya injini, na lori linatembea miaka yote. Mnatisha watu bure.

Jibu: Kutembea linatembea. Ringi haziishi siku moja. Endelea, ila usimshauri mwenzako.

Fundi Mwanafunzi: Shikamoo mwalimu. Nikikuta oili kwenye bomba la kuelekea turbo, nitajuaje kama ni ya filta au ya injini?

Jibu: Marahaba, swali zuri. Angalia kwanza kama bomba la kupumulia la injini (linalotoa mvuke wa oili tumboni mwa injini) linaingilia hapo. Kama ndiyo, utando mwepesi baada ya pale linapoingilia ni kawaida. Kisha tazama kabla ya hapo, karibu na filta: pakiwa na wekundu unaonata, ni ya filta. Ukitaka kujua vumbi limefika ndani, peleka oili ya injini maabara. Silikoni ikipanda pamoja na chuma, kromiamu au alumini, vumbi linasaga. Silikoni ikipanda peke yake usikimbilie filta. Gundi ya gasketi kwenye injini iliyofunguliwa karibuni nayo huitoa. Linganisha na kipimo cha nyuma, usisome kimoja.

Steringi Kulia: Nimeshazidisha, moshi mweusi. Nabadilisha sensa?

Jibu: Bado. Osha filta upya, kisha puliza sensa dawa yake maalumu. Usiguse waya kwa kidole wala pamba. Ikauke kabisa ndipo uwashe.

Kamba ya Trela: Lori langu la zamani lina bakuli la oili badala ya filta. Hatua ya 7 inanihusu?

Jibu: Hapana kaka, hilo ni jambo jingine kabisa. Lako linatumia oili ya injini, mpaka alama na si zaidi. Ukijaza kupita kiasi injini ya dizeli inaweza kuivuta na kuichoma kama mafuta, ikapanda mizunguko yenyewe hata ukizima swichi. Tope likijaa chini ya bakuli, mwaga na uweke mpya.

Fundi Mwanafunzi: Na kile kimpira chenye mdomo chini ya nyumba ya filta? Cha kwetu wamekifunga waya.

Jibu: Fungueni huo waya leo. Kinatema vumbi zito kabla halijafika kwenye filta. Kiminye kila asubuhi, vumbi litamwagika mkononi. Mdomo ukiwa mgumu au haujifungi, badilisha. Ukibaki wazi, hewa inaingilia hapo na kulirudisha vumbi juu.