Kabla hujajaza fomu ya kwenda kusomea ualimu wa Fizikia

Mdogo wangu uliyemaliza kidato cha sita, anza na jina la kozi. Fungua mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, usome jina lote hadi mwisho. Ukitaka kufundisha sekondari hapa Tanzania, shahada yako iwe ya sayansi yenye ualimu ndani yake, ile ambayo jina lake lina neno Education. Inasomwa miaka 3, na utaipata DUCE, chuo kishiriki cha elimu pale Chang'ombe, Dar es Salaam, Mkwawa kule Iringa, hata Dodoma. Wapo wanaochukua shahada ya Fizikia tupu wakidhani mlango ni uleule, kisha wanajikuta wanarudi chuo kusoma stashahada ya uzamili ya ualimu. Si kosa, ila ni ada nyingine na muda mwingine.

Kiwango cha chini cha TCU ni principo mbili (masomo mawili ya kidato cha sita uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4. Fizikia D na Hesabu D zinatosha (2 na 2), C na E pia (3 na 1). Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Chuo kinaweza kutaka zaidi. Mwenye diploma ya ualimu ana njia yake pia, kwa wastani wa B.

Fikiria sana somo la pili, maana utafundisha masomo mawili. Mimi nawashauri Hesabu kwa waliotoka PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) au PGM (Fizikia, Jiografia, Hesabu). Kama ulisoma PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), Kemia itakukaa vizuri, lakini usijidanganye kwamba umeziacha hesabu nyuma: Fizikia ya chuo imejaa difrenshiesheni na intigresheni tangu mwaka wa kwanza, na BAM uliyosoma, ile hesabu ya ziada kwa wasiochukua Hesabu kamili, haitoshi. Tumia miezi hii ya kusubiri chuo kuzipitia.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mikono. Nilipokwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, nilipangiwa shule ambayo maabara yake ilikuwa na meza na sinki kavu. Tulifunga nati kwenye uzi wa sentimita 50, tukaining'iniza kwenye msumari, tukahesabu mizunguko 20 kwa saa ya simu yangu. Ikasoma sekunde 28 na ushei. Binti mmoja wa kidato cha tatu akapiga hesabu, akapata g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, inayokaribia 9.8, akarudia mara mbili kwa kutoamini. Kwa hiyo ukiwa chuo usiwe yule anayeandika majibu huku mwenzake ndiye anayeunga nyaya. Shika ammita mwenyewe. Panga pini kwenye kioo mwenyewe, ukosee, upange tena.

Jizoeze pia kueleza. Wanafunzi wengi wanatoka darasa la saba wakiwa wamesoma kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza Fizikia wanaikuta kwa Kiingereza. Mwambie mdogo wako wa nyumbani tofauti ya uzito na tungamo; akikuelewa, uko njiani.

Kuhusu makaratasi: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema kama utaomba mkopo HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo nacho kihakikiwe. Majina yafanane kwenye vyeti vyote, herufi kwa herufi. Weka na akiba ya nauli na kodi ya chumba kwa ajili ya BTP, kwani shule unayopangiwa inaweza kuwa mbali na kila mtu unayemjua.