Namna ya Kuwaonyesha Mabondia wa Mtaani Filamu ya Ndondi ya Mwaka 1972

Vijana wa klabu za ndondi za Eastlands hufundishwa kurusha ngumi na kuzikwepa, lakini wachache huelezwa kwamba pambano linaweza kuuzwa kabla kengele haijalia. Kwa somo hilo mimi hutumia Hammer, filamu ya uhalifu ya mwaka 1972 kutoka Marekani, na maelezo haya ni ya kocha anayetaka kuionyesha katika ukumbi wa mtaa hapa Nairobi.

Ruhusa itangulie. Filamu ya kuonyeshwa hadharani hupaswa kuainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB), na kuwa na DVD hakukupi haki ya kuionyesha kwa umma, kwa hiyo yashughulikie yote mawili mapema. Filamu yenyewe ni ya watu wazima; walio chini ya miaka 18 wabaki nyumbani hata wakikusihi.

Vifaa ni projekta, spika na shuka nyeupe iliyovutwa ikanyooka. Usisahau mita ya umeme. Mara yangu ya kwanza tokeni ziliisha katikati ya filamu, kwa kuwa sikuwa nimeitazama mita, na tulipokuwa gizani tukimsubiri kijana aliyetumwa kununua nyingine, mabondia wakaanza kubishana kama wao wangekubali kuuza pambano. Ubishi ule ulinifaa kuliko hotuba niliyokuwa nimeandaa, na tangu hapo huisimamisha filamu kwa makusudi.

Kabla ya kuianza, zungumza kwa dakika 10 hivi. Waeleze kwamba mhusika mkuu, kuli wa bandarini anayeingizwa katika ndondi na wahalifu, anaigizwa na Fred Williamson, ambaye alipokuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani alipachikwa jina hilohilo la Hammer, yaani nyundo. Waeleze pia kuhusu neno blaxploitation, ambalo Junius Griffin wa chama cha kutetea haki cha NAACP alilitumia mwaka 1972 kulalamika kwamba filamu za aina hii zilijipatia pesa kwa kuwaonyesha watu weusi kama majambazi na wauza dawa za kulevya. Lalamiko hilo lilikuwa na haki, ingawa naona pia furaha ya watazamaji waliokuwa wamechoka kumwona mtu mweusi akifa mapema katika kila sinema.

Wasije wakadhani ni hadithi tupu, wape ukweli: mwaka 1960 Jake LaMotta alikiri mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani kwamba aliuza pambano lake la 1947 dhidi ya Billy Fox, na mwaka uliofuata Frankie Carbo, jambazi aliyewatawala mabondia wengi kwa siri, alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Malizia na bondia Philip Waruinge, aliyeiletea Kenya medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Munich mwaka uleule wa 1972, maana hapo hata waliokuwa wakichezea simu huinua vichwa.

Ngumi za sinema hupangwa, na mabondia wako watazicheka. Waache wacheke, kisha uwaelekeze watazame nje ya kamba: nani analipia mazoezi, nani anaingia chumba cha kubadilishia nguo bila kubisha hodi.

Bondia anapoamriwa ashindwe, simamisha filamu na uwashe taa. Usiulize, "Ungefanya nini?" kwa sababu kila mmoja atajifanya shujaa. Uliza, "Ungemwambia nani kwanza?" Safari moja wengi walijibu kwamba wangemwambia kocha, mpaka bondia mmoja mwembamba wa uzani wa bantamu akauliza taratibu, "Na kama kocha ndiye ametumwa?"

Usikimbie swali la namna hiyo. Fungua daftari la klabu mbele yao, uwasomee pambano lililopita lilileta shilingi ngapi, bondia alipata ngapi na wewe ulibaki na ngapi, uwaachie walipitishe mkono kwa mkono, ndipo uzime taa mwone pambano la mwisho.