Kufuga sungura huku kwenye baridi, kuanzia banda mpaka sufuria

Kila nikisema nafuga sungura huku Isyonje, milimani Mbeya, swali la kwanza ni hilohilo, hawafi na baridi? Hawafi jamani. Sungura kazaliwa na koti lake, joto ndo linamtesa, waulize wanaofuga kule Kyela. Huku juu kinachomuua ni unyevu, yaani mvua ya kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4 inayopiga kwa ubavu, na mkojo wake mwenyewe. Kwahiyo ukisoma haya yote akili yako iwe kwenye neno moja tu, PAKAVU.

Hatua ya kwanza ni banda, na usinunue sungura kabla banda halijaisha, mi nilinunua kwanza nikawaweka jikoni kwenye boksi, wiki mbili mke wangu hakunisemesha vizuri. Inua vizimba kama mita moja kutoka chini. Kizimba cha jike mmoja futi 3 kwa 2, kwenda juu futi 2 inatosha. Sakafu ndo ya kuwa nayo makini: kama una hela nunua wavu wa matundu ya nusu inchi, kama huna pasua mianzi, ipange upande laini ukiwa juu, uache nafasi ya upana wa kidole kidogo ili mavi na mkojo vipite vidondoke chini. Ukipiga mbao bila nafasi mavi yanakaa, yanalowa, hapo kokidia (ugonjwa wa vijidudu vya tumboni) inaingia, wadogo wanaharisha na kuvimba tumbo na ndani ya siku chache unazika. Bati lishuke sana upande ule mvua inakotokea na upande huo uzibe kabisa, ila upande mwingine acha wazi hewa ipite, ukiziba kote harufu ya mkojo inawaumiza mapafu.

Miguu ya banda iweke kwenye makopo yenye oili chafu. Hii usiipuuze. Siafu wa huku wakipanda usiku asubuhi hukuti mtoto hata mmoja.

Mbegu anza na majike wawili na dume mmoja asiye ndugu yao, hao wakikuzoesha utaongeza. Ukinunua wageuze mwenyewe uangalie, bonyeza taratibu juu ya sehemu ya siri, dume inatokea kama kiduara, jike ni kama mpasuo, maana wauzaji wengi wenyewe hawajui na unaweza ukakaa miezi mitano unasubiri mimba ya madume watatu. Angalia na ndani ya masikio, ukikuta magamba ni ukurutu, muache hapohapo.

Chakula. Huku tumebarikiwa, mabingobingo, kishonanguo, matembele, majani ya karoti, maganda ya mahindi mabichi, yote anakula. Ila yakate leo uwape kesho, yanyauke kwanza, majani yenye umande yanawajaza gesi. Kabichi kidogo sana. Majani ya viazi mviringo USIWAPE, najua shamba limejaa na yanatamanisha, mi nilipoteza wanne kwa uvivu huo wa siku moja, na majani ya parachichi na ya nyanya vilevile hapana. Jioni pumba kidogo yenye chumvi, na nyasi kavu wasikose maana tumbo la sungura bila nyasi haliendi. Maji kila siku, hata kama majani ni mabichi.

Kupandisha: jike afike miezi 6 hivi, halafu unampeleka yeye kwa dume, usimlete dume kwake, atamng'ata, pale ni nyumbani kwake. Dume akimaliza anaanguka pembeni kama kapigwa ngumi, usishtuke. Andika tarehe ukutani kwa mkaa. Anazaa siku ya 31, siku moja mbele au nyuma, kwahiyo siku ya 28 ingiza boksi la kuzalia lenye nyasi kavu, utamuona anajinyofoa manyoya anatandika. Sasa watu wengi wanapaniki hapa, wanasema jike kawasusa watoto, hawaoni akinyonyesha. Ananyonyesha mara moja kwa siku, pengine mbili, usiku au alfajiri, dakika chache tu kaondoka. We asubuhi angalia matumbo, yakiwa yamejaa funika uondoke, aliyekufa mtoe. Macho yanafunguka kama siku ya 10 na kuendelea, wiki ya 6 watenge na mama.

Na vijana wanaokwenda na mbwa mashambani baada ya mavuno, yule wa porini ni mnyama mwingine kabisa, mtoto wake anazaliwa na manyoya na macho wazi, hapandani na hawa wa bandani, nimeona mtu kamleta akafa kwa woga tu. Halafu kuwinda bila kibali ni kosa, sheria ya wanyamapori ya 2009 haijali kama ni tembo au sungura.

Kuchinja miezi 4 panapo kilo 2 na kitu. Mtundike kwa miguu ya nyuma, chana ngozi kuzunguka vifundo, vuta chini kama unavua soksi. Nyongo usiipasue. Ini likiwa na madoa meupe litupe, hiyo ni kokidia, na rudi ukaangalie sakafu yako. Mama mkwe wangu Msabato, sungura hali kabisa, ila mbolea ya chini ya banda anabeba magunia kwa ajili ya kabichi zake, haya.

Nyama yake haina mafuta, ukiikaanga moja kwa moja inakuwa ngumu kama kiatu. Chemsha kwanza na tangawizi, kitunguu swaumu na chumvi, moto mdogo, huku juu vitu vinachelewa kuiva kwahiyo hesabu saa nzima, jike mzee saa mbili. Ikilainika kaanga kwa mafuta ya alizeti na kitunguu mpaka ibadilike rangi, nyanya mbili, kisha rudisha supu yake uliyochemshia, iache ipungue mpaka ishike ugali. Ndizi pia inakubali, ila ziweke mwishoni zisivurugike.