Kutunza fremuweki ya zamani huku ukijenga mrithi wake

Mwenzangu mmoja anatunza fremuweki ya wavuti ya chanzo huria. Watu wanaitegemea 1.x (matoleo ya zamani), yeye yuko mbioni na 2.0 (toleo jipya), na kila hitilafu alikuwa akiirekebisha mara mbili kwa mkono. Utaratibu tuliouweka ni huu.

Hatua ya 1: Tenga matawi

Kodi yake iko kwenye Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya kodi. Tenga tawi (mkondo wa mabadiliko unaojitegemea) la `1.x` na la `2.x`, katika hazina moja ya kodi. Usifungue hazina ya pili, hatua ya 3 itakushinda. Kisha:

`git worktree add ../mpya 2.x`

Kila tawi linapata folda yake.

Hatua ya 2: Andika kinachoruhusiwa kuingia 1.x

Marekebisho ya hitilafu na ya mashimo ya usalama, basi. Kipengele kipya kiingie tu kama kitamrahisishia mtumiaji kuhama. Vue, fremuweki ya JavaScript, walifanya hivyo: Vue 3 ilitoka Septemba 2020, na Julai 2022 wakatoa 2.7 iliyowapa watu wa Vue 2 ile Composition API (namna mpya ya kupanga kodi) ya toleo jipya.

Hatua ya 3: Rekebisha chini, kisha pandisha juu

Kazi yenyewe iko hapa. Hitilafu iliyo katika matawi yote mawili irekebishe kwanza kwenye 1.x, halafu unganisha 1.x ndani ya 2.x:

`cd ../mpya`
`git merge 1.x`

Wengi hurekebisha kwenye jipya na kuteremsha kwa `git cherry-pick`, amri inayonakili komiti (badiliko moja lililohifadhiwa) kwenye tawi lingine. Mimi siipendi kwa kazi hii. Inazaa nakala yenye utambulisho mwingine, na baada ya muda hakuna anayejua rekebisho lipi limefika na lipi limesahaulika. Ukiunganisha, `git log 2.x..1.x` inakuorodheshea yaliyobaki. Ikirudi tupu, huna deni.

Sasa tahadhari. Kuna rekebisho lisilohusu 2.x kabisa, kwa sababu kodi ile umeshaiondoa. Usiliruke, liandikishe kuwa limepita. Unganisha kwanza yaliyolitangulia, kisha `git merge -s ours` ukitaja komiti hiyo peke yake, kisha yaliyosalia. Angalia herufi: `-s ours` hutupa mabadiliko yote ya upande wa pili, `-X ours` huamua penye mgongano tu, yaani pande mbili zilipobadilisha mahali palepale. Ukizichanganya, Git haitakulalamikia. Rekebisho litapotea kimyakimya na orodha itasema limefika.

Washa pia `git config rerere.enabled true`, ili mgongano uliokwisha kuutatua usiutatue upya. Ukiwa uliutatua vibaya, `git rerere forget` na jina la faili.

Kubwa kuliko yote ni faili zilizohamishwa. Git hutambua kwamba faili imebadilishwa jina kwa kulinganisha yaliyomo, na kwa kawaida hutaka yafanane angalau 50%. Mwanzoni rekebisho litajipeleka lenyewe mahali papya. Ukizidi kuiandika upya 2.x, siku moja utakutana na `CONFLICT (modify/delete)`: 1.x imeibadilisha faili, na Git inaona 2.x imeifuta. Kuhamisha faili katika komiti ya peke yake hakukuokoi, maana muunganisho hutazama ncha mbili na asili yao tu, si safari ya katikati. Ukifika hapo acha kubeba kodi, beba jaribio. Kila rekebisho la 1.x liwe na jaribio linalopita kwenye API ya nje, yaani amri zile wanazoita watumiaji. Lipandishe, lione likifeli kwenye 2.x, uandike rekebisho upya. Likipita bila kuguswa, hitilafu haikurithiwa.

Hatua ya 4: Toa maonyo mapema

Kitakachoondolewa 2.0 kitoe onyo kwenye 1.x ya mwisho, na onyo litaje mbadala: "`ombi.pata()` itaondolewa 2.0, tumia `ombi.swali()`." Onyo lisilotaja mbadala ni kero tu. Symfony, fremuweki ya PHP, walitoa 5.4 na 6.0 mwezi mmoja, Novemba 2021: ukisafisha maonyo yote ya 5.4, kuhamia 6.0 hakukutishi.

Hatua ya 5: Mashimo ya usalama

Toa matoleo yote mawili siku moja. Komiti ya wazi kwenye tawi moja inamwonyesha mshambuliaji pa kuingilia kwenye lingine.

Hatua ya 6: Tangaza tarehe ya mwisho

Tarehe kamili, si "baadaye". Vue 2 ilikoma 31 Desemba 2023, AngularJS, fremuweki ya Google, 31 Desemba 2021. Ikifika, toa toleo la mwisho, funga tawi lisipokee komiti, lakini usilifute: wapo watakaobaki 1.x na kujirekebishia wenyewe.