Gari ya manyuo inatetemeka ukiachia klachi: usikubali giaboksi ishushwe kabla ya kuangalia haya

Wadau wa Tanga habari zenu. Hii shida inakula hela za watu sana hasa wenye Kirikuu na Hiace, fundi anaendesha kidogo tu anakwambia klachi imeisha, giaboksi inashushwa, pleti mpya (sahani ya klachi inayoshika na kuachia) inawekwa alafu mtetemo uko palepale. Pleti ikiisha kawaida gari inateleza, resi inapanda mlimani lakini gari haivuti. Kutetemeka wakati wa kuondoka ni klachi inashika na kuachia haraka haraka, au kuna kitu cha nje kinacheza. Anza na cha nje, ni bure.

Hatua ya 1, mauntini, yaani mipira inayoshikilia injini na giaboksi. Fungua boneti, hendibreki juu, mtu akae ndani akanyage breki kwa nguvu, aweke namba moja aachie klachi taratibu mpaka injini ianze kuzama, akanyage tena. Arudie na rivasi. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele wala nyuma ya gari. Injini ikinyanyuka upande mmoja au ikigonga, mpira wa mauntini umechanika, na ya giaboksi nayo iangalie maana watu wanaisahau. Gari zinazovuta nyuma tingisha propela pia (shafti inayopeleka nguvu tairi za nyuma), krosi zake, yaani viungo vyake, zikilegea zinaleta mtetemo kama huohuo.

Hatua ya 2, oili. Ingia chini, tazama injini inapoungana na giaboksi. Pakilowa, jua sili (mpira wa kuzuia oili) inavuja na pleti inakunywa. Oili nyeusi ni ya injini, sili ya nyuma ya kranki, shafti kuu ya injini. Ikiwa nzito na ina harufu kali ni ya giaboksi. Pleti iliyolowa usikubali ioshwe na petroli irudishwe, oili imeshazama ndani, na ukiweka mpya bila kubadili sili umetupa hela.

Hatua ya 3, inatetemeka saa ngapi? Asubuhi tu, gari imelala nje Raskazone na unyevu wa bahari, ni kutu nyepesi kwenye flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini ambalo pleti inalishika), ukiondoka mara chache inaisha, iache. Ila ikianza ikishapata moto, mfano umepanda milima ya Amani na mzigo huku mguu unaelea kwenye klachi, hapo pleti imeungua imekuwa kama kioo au flaiwili ina madoa ya bluu. Hapo ndo giaboksi ishuke, na flaiwili ikasawazishwe kwenye mashine, vidole vya presha (kifaa kinachobana pleti kwenye flaiwili) viwe usawa mmoja.

MASWALI

Kaka, Kirikuu yangu inatetemeka rivasi tu, mbele iko poa?
Anza na mauntini ndugu yangu. Rivasi injini inajipinda upande mwingine, kwa hiyo mpira uliochanika unaweza kujificha ukienda mbele.

Fundi anataka kuikwangua pleti na msasa, nimruhusu?
Kama imeng'aa tu bila oili itakusogeza siku kadhaa, ila dada angu bado utalipa kushusha giaboksi mara ya pili. Ukishafungua weka mpya.

Mkuu nimebadili pleti na presha wiki hii, bado inatetemeka kidogo.
Kidogo ni kawaida, inatakiwa ijizoeze kilomita mia kadhaa za mjini, ondoka taratibu, usibebe mzigo mzito. Kama ni kwa nguvu tangu siku ya kwanza muulize fundi kama flaiwili ilisawazishwa, na kama pleti ilishikwa na mikono ya grisi.