Somo: Kugawana gharama za msongamano wa laini kati ya gridi jirani

Tuseme gridi A na B ni majirani. Laini ya gridi B ikizidiwa (huo ndio msongamano), opereta wa B huagiza mtambo mmoja upunguze uzalishaji na mwingine, ng'ambo ya laini hiyo, uongeze. Kuna bili hapo. Mkianza kuulizana nani alipe baada ya tukio, mtagombana tu, kwa hiyo andikeni kanuni mapema. Ugomvi wenyewe uko hatua ya 4.

Hatua ya 1. Piga picha ya gridi kabla ya mtambo wowote kuguswa. Mita ikisomwa baadaye, itaonyesha laini iko sawa na A atadai hakukuwa na msongamano. Kupata picha hiyo, tumieni modeli moja ya pamoja ya kompyuta, ya saa ile ile. Iendesheni pia mkiwa mmetoa laini moja kubwa, kana kwamba imezimika, maana mara nyingi kuzidiwa hujitokeza hapo. Tuseme laini ina uwezo wa 100 MW (megawati) na picha inaonyesha 130. Zidio ni 30.

Hatua ya 2. Chambua hizo 130. Umeme haujui mkataba. Hujigawa kwenye njia zote zilizopo, na njia yenye riaktansi ndogo (ukinzani wa laini kwa mkondo wa AC) hubeba zaidi. Mfano wetu: biashara ya mpakani iliyokubaliwa 70, mtiririko wa ndani wa B 35, na mzunguko 25, yaani umeme uliozalishwa A, ukatumiwa A, lakini ukapitia kwa B.

Hatua ya 3. Tafuta gharama halisi. Hapa kila MW 1 inayohamishwa hupunguza nusu MW kwenye laini, kwa hiyo zinahamishwa 60. Anayeongeza analipwa Sh19 kwa kilowati-saa, anayepunguza anaokoa Sh4. Tofauti ni Sh15 × kilowati 60,000 × muda wa saa 3 = Sh2,700,000. Gharama ya kuwasha mtambo iingie tu kama ulikuwa umezimwa.

Hatua ya 4. Gawa. Biashara iweke kando, kwa kuwa nafasi yake mliitoa wote wawili. Sasa angalia kanuni nne tofauti:

Aliyeomba alipe: B ndiye aliyeagiza, analipa zote.
Uwiano wa 25 kwa 35: A 1,125,000, B 1,575,000.
Mzunguko usamehewe hadi 10% ya uwezo wa laini, kisha uwiano wa 15 (25 toa 10) kwa 35: A 810,000, B 1,890,000.
Msamaha huo huo, lakini mzunguko uliobaki ujaze zidio kwanza: 15 za A, kisha 15 za B. Kila mmoja 1,350,000.

Mtiririko haukubadilika hata kidogo, ila bili ya A imetoka 810,000 hadi 1,350,000. Mimi nashikilia ya mwisho: B anaweza kupanga mtiririko wake wa ndani, lakini wa A hana amri nao. Kiwango cha 10% ndicho kilichowekwa kwa kanda ya Core ya Ulaya (kundi la gridi za Ulaya ya kati na jirani zake) katika uamuzi wa 2020 wa ACER, shirika la Umoja wa Ulaya la wadhibiti wa nishati. Majirani wakiwa wengi, hiyo 10% wanagawana. Si kila mmoja na yake.

MASWALI

Kisumu: Mwalimu, stima ikiingia kutoka Uganda kupitia laini ya Tororo–Lessos, tunaweza kudai mzunguko?

Jibu: Kama huo ndio mlango pekee kati ya gridi mbili, hapana. Kinachopita ni biashara, na kikizidi ratiba hilo ni suala la mizania (usawa wa uzalishaji na matumizi), lina hesabu yake. Mzunguko unahitaji mlango wa pili wa kutokea. Pete ya laini za Kenya, Uganda na Tanzania inapofungwa kuzunguka Ziwa Victoria, swali lako litakuwa na uzito.

Nakuru: Mtambo kama wa Muhoroni ukiwashwa kwa ajili ya volteji je?

Jibu: Usiuingize kwenye bili hii. Volteji ikishuka magharibi si lazima laini iwe imezidiwa. Andika sababu kwenye daftari la zamu saa ile ile. Ikiandikwa kesho, jirani ataikataa na atakuwa na haki.

Ahero: Tukipunguza Sondu Miriu, akiba ni ile Sh4?

Jibu: La. Sondu hutegemea mkondo wa mto na haina hifadhi kubwa, maji yasiyotumika yanapita. Akiba weka sifuri: Sh19 × kilowati 60,000 × muda wa saa 3 = Sh3,420,000. Turkwel ina bwawa, maji yanabaki, kwa hiyo akiba yake ni thamani ya umeme yatakayozalisha baadaye.