Namna ya kupeleka watu 40 Isimila na kuiacha kama mlivyoikuta

Kila mwaka mvua zikishakatika na mahindi yakaingia ndani, simu yangu huanza kuita. Mwalimu wa sekondari, katibu wa kwaya, mweka hazina wa kikoba, wote wanataka kwenda Isimila, lile korongo la nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale. Kufika si kazi. Kutoka Iringa mjini ni kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya, na kosta inafika kwaya ikiwa bado ina nyimbo za kuimba. Kazi iko korongoni. Zile nguzo za udongo zimechongwa na maji na upepo kwa muda mrefu kuliko ukoo wa mtu yeyote anayezitazama, na watu 40 wasioelekezwa wanaweza kuziumiza kwa saa moja tu. Naongoza safari hizi tangu nilipokuwa nafundisha historia, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Anza na tarehe. Kwetu mvua huingia Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Miezi hiyo sipeleki kundi. Udongo wa kingo ukilowa hulainika, kila unyayo huacha shimo, na mvua inayofuata hulifuata shimo lile na kulifanya mfereji. Tena korongo ni njia ya maji: ikinyesha kule juu, aliye chini hana habari mpaka ayaone yanakuja. Hata kiangazi, mvua ikinyesha jana yake nasogeza safari mbele wiki nzima. Waliokwisha lipa nauli watanuna, halafu yataisha. Ukingo ukishabomoka haurudi.

Panga kufika saa mbili asubuhi. Juni na Julai baridi ya Iringa inauma, kwa hiyo waambie waje na masweta. Ukichelewa hadi saa sita, jua linapiga utosini na mchanga unalirudisha usoni, watu wanachoka, wanakimbilia kivuli cha nguzo na kuziegemea kwa mgongo. Makosa mengi niliyoyaona kule yalitokea saa sita mchana, kwa watu wazuri tu waliochoka.

Chakula kiliwe juu, kabla au baada ya kushuka. Chapati, viazi vitamu na mayai ya kuchemsha nabeba kwenye ndoo zenye mifuniko, na maganda yanarudi kwenye ndoo zile zile. Usidanganyike kwamba ganda ni mbolea. Pale ni pakavu, ganda la chungwa linakaukia palepale na kumsubiri mgeni wa mwezi ujao. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za maji bado zipo nasi. Dawa yangu ni hii: jioni ya kuamkia safari naziandika namba kwa kalamu ya wino mzito, 1 hadi 40, na kila mtu anapewa yake kwa jina. Wakati wa kurudi, mlango wa kosta unapita na chupa yako. Safari moja ilikosekana namba 17. Tulisubiri wote, dereva akilalamika, hadi mwenyewe aliporudi nayo akiwa ameitoa kwenye kichaka alikoiweka ili apige picha. Tangu siku hiyo sijapoteza hata moja.

Mkifika, lipeni kiingilio, andikeni majina na mchukue mwongozaji wa pale hata kama njia unaijua. Yeye ndiye anayejua ukingo upi umelegea tangu masika. Wote waende msalani huku juu. Kisha gawa watu kumi kumi, kila kumi na mtu mzima mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa nyuma ndiye muhimu zaidi. Mchague mtu asiyeona haya kusema "hapana". Kundi la kwanza likizama korongoni, la pili lingoje juu.

Kutembea kuna kanuni moja: kanyaga pale ambapo maji yangepita. Mchanga wa sakafu ya korongo mvua huupanga upya kila mwaka, nyayo zako hazitadumu. Kingo na vitako vya nguzo havina bahati hiyo. Nendeni mstari mmoja, msikate kona, msipande juu ya chochote "kwa ajili ya picha moja tu". Wanaokuja na bibi harusi waache maua ya karatasi na vile vipande vinavyometameta nyumbani, maana mtu hawezi kuviokota vyote mchangani.

Kabla ya kuzungumza chochote kuhusu nguzo, nawachuchumaza wote mbele ya kitako cha mojawapo, mikono nyuma, na kuwapa dakika tano watazame tu. Hapo wanaona matabaka, mengine mekundu, mengine ya kijivu, na kokoto zilizochomoza kama karanga kwenye kashata. Nawauliza: ukiing'oa hii moja, maji yataingia wapi? Mtoto wa kidato cha kwanza hujibu mwenyewe. Akishajibu mwenyewe, humlindi tena, yeye ndiye anayewalinda wenzake. Na mkikuta jina la mtu limekwanguliwa kwenye nguzo, msilifute. Kulisugua ni kuondoa udongo mwingine. Mwambieni mwongozaji.

Sasa mawe. Zana za mawe za Isimila ziligunduliwa mwaka 1951 na mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akipita, na mwaka 1957 na 1958 mtaalamu Clark Howell na wenzake wakachimba. Walipata mashoka ya mkono na mifupa ya wanyama, akiwemo kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka. Vipimo viliwahi kukadiria kwamba zana hizo zina umri wa miaka kama 260,000. Nyingine bado zimelala wazi mchangani, na zinaingia mfukoni kirahisi.

Naandika hili kwa uchungu. Mwaka mmoja, tukiwa tumesharudi mjini, nilikuta shoka la mkono limeviringishwa kwenye sweta ya kijana mmoja, kijana msikivu, wala si mkorofi. Alitaka kumwonyesha babu yake. Kesho yake tulirudi naye hadi pale. Mhudumu alilipokea bila kufoka, akauliza swali moja tu: "Lilikuwa wapi, na lililala upande gani?" Kijana alitazama korongo zima, akaonyesha huku, akaonyesha kule, akaanza kulia. Mahali lilipolala, kina chake na majirani zake ndivyo vinavyomweleza mtafiti nani alilitumia na kwa nini. Jiwe tulilirudisha. Habari zake hatukuweza kuzirudisha.

Kwa hiyo sheria ya kundi langu husomwa kwenye kosta kabla ya kushuka: ukiona jiwe lililochongwa, simama, ita wenzako, chuchumaeni, mikono nyuma. Picha piga. Usiliguse, usiligeuze. Nawaeleza pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchukua vitu hivi bila kibali, ingawa kisa cha yule kijana ndicho kinachowanyamazisha.

Na kama licha ya yote jiwe limekutwa kwenye begi mkiwa njiani, usimwaibishe aliyelichukua mbele ya wenzake, na usilitupe dirishani kukwepa fedheha. Simamisha gari. Mwulize palepale, kumbukumbu ikiwa bado mbichi: kundi la ngapi, kabla au baada ya nguzo ndefu, mchangani au kwenye ukingo, sura ipi ilikuwa juu. Yaandike maneno yake kama alivyoyasema, geuzeni gari, mkabidhi jiwe pamoja na karatasi.